Haki katika Kuteua Timu za Michezo za Shule

Mazungumzo baada ya habari, kwa askari wa Jeshi la Ulinzi na wa Polisi



Kila mwaka, mashindano ya shule yanapokaribia, karatasi moja hubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule ya sekondari. Karatasi hiyo huwa na majina yapatayo 18 ikiwa ni ya mpira wa miguu, au 12 ikiwa ni ya mpira wa kikapu au wa wavu. Wanafunzi husongamana mbele yake. Wachache huondoka wakishangilia, na wengi huondoka kimya. Kesho yake masomo huendelea kama kawaida, na wakubwa huona kwamba jambo limekwisha. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu karatasi hiyo, na namna majina yaliyomo yanavyopatikana.

Huenda askari aliye kambini, au polisi aliyerudi sasa hivi kutoka zamu ya barabarani, akauliza: jambo hili la watoto linatuhusu nini sisi? Linawahusu kwa sababu tatu. Kwanza, wengi wenu mlizichezea timu hizo kabla ya kuvaa sare, na vilabu vyenu wenyewe, Muzinga ya jeshi na Rukinzo ya polisi, huhitaji vijana waliokuzwa vizuri shuleni. Pili, ninyi ni wazazi, na watoto wenu ni miongoni mwa wale wanaosongamana mbele ya ubao. Tatu, na hii ndiyo sababu kubwa, ni watu wachache nchini wanaoujua uzito wa orodha kama ninyi mnavyoujua. Askari hupandishwa cheo kwa orodha. Hupelekwa masomoni kwa orodha. Tangu Desemba 2007, askari wa kwanza wa Burundi walipokwenda Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, kila kambi imeijua furaha ya aliyeliona jina lake na uchungu wa yule asiyeliona. Askari huweza kustahimili kuachwa iwapo anajua sababu ya kuachwa kwake. Lisilostahimilika ni kuachwa pasipo sababu, huku aliyechukuliwa akijulikana na kikosi kizima kwamba kazi yenyewe haimudu.

Hali ya mwanafunzi haina tofauti. Kwa kijana wa miaka 15, orodha ya timu ya shule mara nyingi ndiyo uteuzi wa kwanza maishani mwake unaofanywa na mkubwa mwenye mamlaka, hadharani, mbele ya wenzake. Mtihani hauonekani jinsi unavyosahihishwa. Mchezo ni kinyume chake: kila mtu amekuwapo uwanjani, kila mtu ameona nani anakimbia na nani anachoka, nani anatoa pasi na nani anapoteza mpira. Watoto huwa wameiandika orodha yao vichwani kabla ya mwalimu kuiandika ya kwake. Orodha hizo mbili zikitofautiana sana, watoto hawahitaji kuelezwa kilichotokea. Wamekwisha kujifunza somo, nalo ni kwamba bidii haina malipo katika nchi yao.

Kwetu Burundi somo hilo ni la hatari kuliko kwingine. Nchi hii imeonja orodha chungu. Mwaka 1972, wanafunzi wa Kihutu wa shule za sekondari na wa chuo kikuu waliitwa majina yao wakiwa shuleni, wakachukuliwa, na wengi hawakurudi tena. Katika nchi yenye kumbukumbu ya namna hiyo, orodha ya shule haiwezi kuwa karatasi tupu. Mzazi anayemwona mwanawe ameachwa bila sababu hafikirii mpira peke yake. Hukumbuka mengine. Kwa hiyo mwalimu anayeandika majina 18 kwa haki anafanya kazi ya amani, hata kama mwenyewe anadhani anatayarisha mechi ya Jumamosi.

Je, uteuzi huharibika vipi?

Tuanze na kile kinachowagusa wasikilizaji wetu moja kwa moja. Aghalabu mwalimu wa michezo haharibu uteuzi kwa kutojua mchezo. Huuharibu kwa hofu. Mzazi mwenye cheo hupita shuleni kumsalimu. Hasemi kwamba mwanawe aingizwe katika timu. Huuliza tu kijana anaendeleaje na mazoezi. Pengine gari lake husimama kando ya uwanja siku ya majaribio, na yeye huteremka akiwa na sare yake, akatazama kwa dakika kumi, kisha akaondoka. Hakuna amri iliyotolewa, wala hakuna barua iliyoandikwa. Lakini mwalimu yule ana mshahara mdogo, na huenda ana ombi la uhamisho linalosubiri kwenye meza ya mtu. Jioni, anapoandika majina, mkono wake haumo tena katika hiari yake. Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Msemo huo unafaa njiani, mbele ya tembo. Haufai uwanjani mwa watoto.

Afisa anayefanya hivyo hudhani anampenda mwanawe, kumbe anamdhuru. Kijana aliyeingizwa kwa cheo cha baba yake huijua siri hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote. Wenzake hawampi mpira. Akikosea hawamkosoi, kwa kuwa wanaogopa. Na mchezaji asiyekosolewa haendelei. Hubaki ndani ya timu kama mgeni.

Njia ya pili ya kuharibu uteuzi ni ile ambayo wapenzi wa michezo Afrika Mashariki wameipa jina la mamluki. Shule inataka kikombe, basi huandikisha kwa haraka kijana ambaye si mwanafunzi wake, au aliyekwisha maliza masomo, au mwenye umri uliopita kiwango, akapewa sare na nafasi ya mtoto aliyefanya mazoezi mwaka mzima. Kikombe hupatikana, picha hupigwa, na anayelia ni yule aliyeondolewa. Hasara huwa kubwa zaidi udanganyifu unapogunduliwa. Mwezi Aprili 2018, nchi yetu ilipokuwa mwenyeji wa mashindano ya vijana wa chini ya miaka 17 ya Baraza la vyama vya soka la Afrika Mashariki na Kati, CECAFA, timu ya Zanzibar iliondolewa mashindanoni kwa sababu wachezaji wake kadhaa walikuwa wamezaliwa kabla ya Januari mosi 2002, tarehe iliyowekwa kuwa mpaka. Timu nzima ilifungasha mizigo, pamoja na wale ambao umri wao ulikuwa sahihi kabisa. Watu wazima walipotayarisha orodha isiyo sawa, watoto ndio waliolipa.

Njia ya tatu haina ubaya wa nia, na ndiyo maana ni vigumu kuiona. Jicho la mwalimu hudanganywa na mwili. Kati ya miaka 13 na 16, vijana wa darasa moja huwa hawalingani hata kidogo: mmoja amekwisha kuwa mwanamume, na mwingine bado ni mtoto. Mwalimu humchukua aliyekomaa mapema, akadhani amechukua kipaji, kumbe amechukua miezi kadhaa ya umri. Watafiti wa Kanada waliochunguza mpira wa magongo wa barafuni katikati ya miaka ya 1980 waliona kwamba wachezaji waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka walikuwa wengi mno kuliko wale waliozaliwa miezi ya mwisho. Haikuwa ajabu ya nyota. Umri ulihesabiwa kuanzia Januari, kwa hiyo aliyezaliwa Januari alimzidi wa Desemba karibu mwaka mzima. Akachaguliwa, akapewa mazoezi zaidi, na tofauti ndogo ya utotoni ikakua.

Marekani wanao mfano unaojulikana duniani kote. Mwaka 1978, katika shule ya sekondari ya Laney mjini Wilmington, jimbo la North Carolina, kijana mmoja wa mpira wa kikapu hakuliona jina lake katika orodha ya timu ya kwanza. Nafasi ilikwenda kwa mwenzake aliyemzidi urefu, kwa kuwa timu ilihitaji mtu mrefu. Kijana aliyeachwa alikuwa Michael Jordan. Lakini yafaa tuitazame sehemu ya habari hiyo ambayo kwa kawaida hupitwa. Jordan hakufukuzwa uwanjani. Shule ilikuwa na timu ya pili, akawekwa humo, akacheza mechi, akaendelea kufundishwa huku mwili wake ukirefuka. Mwalimu aliweza kukosea bila kumwangamiza mtoto, kwa sababu mlango haukufungwa. Shule yenye timu moja tu haina nafasi ya kusahihisha makosa yake.

Njia ya nne ni ya mahali. Zipo shule za mjini Bujumbura na shule kongwe za bweni zenye viwanja, mipira na walimu wa michezo. Zipo shule za milimani ambako kiwanja ni mteremko, na ambako mwanafunzi hutembea saa nzima kurudi nyumbani kabla ya giza, hivyo hawezi kubaki kwa mazoezi ya jioni. Timu ya mkoa ikiteuliwa kwa kuwatazama wale tu walio karibu na barabara ya lami, orodha huwa imekwisha kuandikwa kabla ya majaribio. Wasichana hupungukiwa zaidi, kwa kuwa baada ya masomo wengi hungojwa na ndoo ya maji na wadogo zao. Tukumbuke walikotoka waliotuletea medali za Olimpiki. Vénuste Niyongabo alizaliwa Vugizo, katika Makamba, kusini mwa nchi. Francine Niyonsaba, aliyepata medali ya fedha ya mita 800 huko Rio de Janeiro mwaka 2016, ni mzaliwa wa Ruyigi, mashariki. Nani anayeweza kusema ni wangapi wa aina yao wameachwa milimani kwa kuwa hakuna aliyekwenda kuwatazama?

Sasa wako watakaosema: kama ni hivyo, dawa ni kugawa. Kila mtaa upewe nafasi zake, kila darasa zake, na kila kabila zake, ili asiwepo wa kulalamika. Hoja hii yastahili kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa ninyi mnaosikiliza mnatumikia katika vyombo vilivyojengwa upya kwa kugawa. Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yalisema kwamba katika vikosi vya ulinzi na usalama kabila moja lisizidi asilimia 50, na Katiba ya 2005 ikalithibitisha jambo hilo. Mgawo ule ulikuwa wa haki, na sababu yake ni bayana. Kazi ya askari ni kumlinda kila raia, na hawezi kuifanya iwapo nusu ya raia wanamwogopa. Kuaminiwa na wote ni sehemu ya kazi yenyewe, kama kulenga shabaha.

Kazi ya mlinda mlango ni kuzuia mpira. Hapo ndipo tofauti ilipo. Kugawa nafasi 11 za uwanjani kwa makabila kungemlazimu mwalimu amwulize kila mtoto yeye ni nani, kabla ya kumwuliza anaweza nini. Swali hilo limekwisha kuulizwa katika shule zetu. Tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi walikataa kutengana, na 40 kati yao wakauawa. Hatuna haki ya kulirudisha swali hilo shuleni kwa mlango wa michezo, hata kwa nia njema. Kinachopasa kugawanywa sawasawa ni nafasi ya kujaribiwa. Kila mtoto aitwe uwanjani, na aitwe kweli. Kisha mchezo useme. Hapa Bujumbura, wakati wa vita na baada yake, Kituo cha Vijana cha Kamenge kilifanya hivyo hasa. Kiliwafungulia milango vijana wa mitaa ya kaskazini waliokuwa wametenganishwa na damu, wakacheza pamoja, na mwaka 2002 kikatunukiwa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood.

Lakini mtu asidhani kwamba kipimo chochote ni cha haki, mradi kina namba. Waandishi wa historia yetu wameeleza jinsi, katika miaka ya 1960, ilivyowekwa kanuni ya kupima urefu na unene wa mwili wa vijana waliotaka kuingia jeshini. Kwa nje ilikuwa kanuni ya afya. Ndani yake lilikuwamo kusudi la kuwazuia Wahutu. Utepe wa kupimia haukusema uongo hata mara moja. Aliyesema uongo ni yule aliyeamua nini kipimwe. Basi kipimo cha haki hutambulikana kwa jambo hili: kinapima kile ambacho kazi inakidai, na hakipimi kitu kingine.

Tufanye nini? Mambo ni machache, wala hayadai fedha nyingi.

Kwanza, vipimo vitangazwe kabla ya majaribio, vikiwa vimeandikwa: kasi, uwezo wa kumiliki mpira, kuhudhuria mazoezi, nidhamu. Kipimo kinachotajwa baada ya orodha kubandikwa ni kisingizio tu.

Pili, mwalimu asiteue peke yake. Wakiwa watatu, mmoja wao akitoka shule nyingine, itakuwa vigumu kwa salamu za mkubwa kuwafikia wote. Majaribio nayo yawe zaidi ya siku moja, kwa maana mtoto aliyelala njaa Jumanne huenda akawa mwingine kabisa Ijumaa.

Tatu, kila shule iwe na timu ya pili inayocheza mechi za kweli, na orodha ifunguliwe upya katikati ya mwaka. Chanda chema huvikwa pete, lakini vidole vya watoto bado vinakua.

Nne, aliyeachwa aelezwe sababu, ana kwa ana: mguu wako wa kushoto bado ni dhaifu, umekosa mazoezi mara sita, rudi Januari. Maneno hayo huchukua dakika mbili. Mtoto aliyeyasikia huenda kufanya mazoezi, na yule ambaye hakuyasikia huenda kutafuta wa kumchukia.

Tano, hati za kuzaliwa na za shule zitayarishwe mapema, kwa ukweli. Hili laonekana kuwa jambo la ofisini, lakini makosa ya ofisi yamewahi kuwatoa uwanjani watu bora kabisa. Dieudonné Kwizera, mkimbiaji wetu hodari, hakukimbia katika Olimpiki ya 1988 wala ya 1992. Miguu yake ilikuwa tayari. Kilichokosekana ni kamati ya taifa ya Olimpiki, ambayo Burundi haikuwa nayo. Mwaka 1996 nchi ilipokwenda Atlanta kwa mara ya kwanza, Niyongabo, aliyekuwa miongoni mwa waliotazamiwa kushinda mita 1,500, aliiacha nafasi yake katika mbio hizo ili Kwizera apate kukimbia. Yeye mwenyewe akaingia katika mita 5,000, umbali ambao hakuuzoea, na tarehe 3 Agosti akashinda kwa dakika 13 na sekunde 7.96. Ikawa medali ya kwanza ya Burundi, nayo ya dhahabu. Kwizera hakuvuka mchujo wa kwanza, lakini alisimama kwenye mstari aliostahili kusimama. Twamsifu Niyongabo kwa ukarimu ule. Hata hivyo tujue kwamba ukarimu wake uliziba ufa ulioachwa na watu wazima. Mtoto wa shule asitegemee kuhurumiwa na mwenzake ili apate haki yake.

Ndugu maafisa, ndugu askari, ndugu polisi,

Mnaweza kusaidia kuliko mnavyodhani. Mahali pengi kambi na shule ni majirani. Wako kati yenu wenye ujuzi wa uamuzi na wa ukocha. Shule ikiwaomba, nendeni mkasimamie majaribio, mkiwa wageni wasio na mtoto katika orodha. Vilabu vyenu vinapomtaka mwanafunzi, vizungumze na mzazi na mkurugenzi wa shule, na vimwache amalize mitihani yake. Na yule mwenye mwana anayejaribiwa, siku hiyo abaki kambini. Kama hana budi kwenda, aende bila sare, akae nyuma ya wazazi wengine, ashangilie kama wao, na asimwulize mwalimu neno lolote kabla karatasi haijabandikwa.

Mwanawe akichaguliwa, atakuwa amechaguliwa kweli. Akiachwa, baba au mama aliyevaa sare anayo nafasi ya kumfundisha jambo ambalo yeye mwenyewe alijifunza kwenye paredi: kwamba mtu huachwa leo, akajirekebisha, akaitwa kesho. Hilo mtoto hulikubali kwa sharti moja tu, kwamba orodha aliyoisoma ukutani iliandikwa kwa haki.